Hili jengo nyuma ya sarafu ya shaba ya Kirumi ni geti, mnara au kitu gani?

#1 Shaba_Kuukuu
Habari zenu wakuu. Niko Leicester. Jumapili nilipita kwenye soko la vitu vya zamani nikanunua sarafu ya Kirumi kwa pauni 12. Ni ndogo kuliko shilingi mia ya kwetu, rangi yake kijani kilichokolea kama chupa. Upande mmoja kuna kijana amevaa shada la majani kichwani, na maandishi FL IVL CRISPVS NOB CAES.

Upande wa pili ndiko liliko swali langu. Kuna jengo la mawe yaliyopangwa safu kwa safu, katikati uwazi wa mlango, juu vitu viwili kama vikombe, na kati ya hivyo vikombe kuna nyota. Limezungukwa na maneno PROVIDENTIAE CAESS. Chini kabisa PLON.

Muuzaji alisema ni geti la kambi ya jeshi. Nimeikodolea macho kwa kioo cha kukuzia siku tatu sasa na bado siamini. Geti gani la jeshi halina milango? Na vile vikombe ni vya nini? Mwenye ujuzi naomba anisaidie.

#2 Kaisari_wa_Mabibo
Muuzaji yuko sahihi. Ni geti. Kila katalogi imeandika geti. Uzi ufungwe.

#3 Mwl_Historia
Uzi usifungwe, ndiyo kwanza unaanza. Dada, nianze na huyo kijana. Ni Crispus, mtoto wa kwanza wa mtawala wa Roma, Constantine, mama yake Minervina. NOB CAES maana yake "Kaisari mtukufu". Sisi Waswahili tumezoea kwamba Kaisari ndiye mkubwa wa Roma yote, lakini kufikia zama hizo mkubwa aliitwa Augusto, na Kaisari alikuwa mdogo wake anayeandaliwa kurithi. CAESS ina S mbili kwa sababu ni wingi: Crispus na wadogo zake.

Providentia ni ile hali ya kuona mbali na kujiandaa mapema kwa ajili ya watu wako. Kwa hiyo maneno yanasema "kuona mbali kwa Makaisari". Jengo lolote utakalolitaja lazima lipatane na neno hilo.

PLON ni karakana ya London ya kupiga sarafu, chumba cha kwanza. Karakana hiyo ilifungwa mwaka 325, na picha hii ilianza kupigwa pale 324. Kwa hiyo sarafu yako ina umri wa miaka 1,700, na imetengenezwa umbali wa treni moja tu kutoka unapokaa.

#4 Shaba_Kuukuu
Mwalimu, nimesoma hiyo PLON mara ishirini na sikujua ni London! Asante sana. Nimeishika tena sasa hivi.

#5 Nahodha_Tanga
Mimi sikubaliani na #2. Tazama tena hivyo vikombe. Hayo ni mafiga ya moto. Jengo ni mnara wa ulinzi mpakani, na juu unawashwa moto wa kupeleka habari: adui akivuka mto, mnara wa kwanza unawasha, wa pili unaona na kuwasha, mpaka habari inafika kambini. Pale Roma kwenye nguzo ya mtawala Trajan, chini kabisa, imechongwa minara ya namna hiyo kando ya mto Danube, na mienge imetokeza nje.

Marehemu babu yangu alikuwa akiwasha moto juu ya mwamba mvuvi akichelewa kurudi. Unauona mbali kuliko unavyodhani. Kuona mbali, providentia, si ndiyo hiyo hiyo?

#6 Kaisari_wa_Mabibo
Nahodha, umeshaanza na minara yako. Kwenye ile nguzo minara ina mapaa na baraza za mbao kuzunguka juu. Hapa paa liko wapi? Baraza iko wapi?

#7 Nahodha_Tanga
Na kwenye geti lako mlango uko wapi?

#8 Mgeni_Koblenz
Mnanifurahisha. Mimi Trier, hapa Ujerumani, nafika kwa treni saa moja na kidogo, na pale liko geti la mji la Warumi mpaka leo, Porta Nigra, la mawe meusi. Lina minara miwili mikubwa, mmoja kila upande, na njia ya kupita katikati. Ukisimama mbali ukafumba jicho moja, unaiona sarafu ya dada. Na Crispus aliishi Trier kama Kaisari wa upande wa Gallia (Ufaransa ya leo na jirani zake), kwa hiyo hilo geti alilijua.

Kwa hiyo nakubali ni geti, ila geti la mji. La kambi hapana.

#9 Fuawe
Wakubwa, salamu kutoka Lubumbashi. Mji wa shaba, nisipochangia hapa nitachangia wapi.

Mnajadili kana kwamba mchongaji alikuwa na ukuta wa kuchora. Alikuwa na duara la milimita 19 hivi. Alichonga muhuri wa chuma kwa mkono, kinyumenyume, kwa ndani. Muhuri mmoja ulikaa kwenye fuawe, kipande cha shaba kilichopashwa moto kikawekwa juu yake, muhuri wa pili ukashikwa juu ya hicho kipande, nyundo ikashuka. Muhuri ukichoka, unachongwa mwingine, pengine na mkono mwingine. Ndiyo sababu ukikusanya sarafu kumi za jengo hili utakuta safu za mawe hazilingani: nyingine tano, nyingine nane, nyingine zaidi. Kama lingekuwa jengo moja maalumu linalojulikana, wangehesabu mawe vizuri.

Minara miwili ya Mgeni #8 ikibanwa kwenye nafasi hiyo inabaki vikombe viwili. Mafiga ya Nahodha yakibanwa yanabaki vikombe viwili vilevile. Shaba haitawaamulia.

#10 Mpemba_Muscat
Assalaam alaykum. Kwetu hicho tungekiita buruji. Hapa Omani milima imejaa buruji za ulinzi, nami nimezipanda nyingi. Nyingi mlango wake hauko chini, uko juu, ulikuwa ukiingia kwa ngazi au kamba, kisha unaivuta. Anayejenga mnara wa kuchungulia adui hamwekei adui mlango sawa na miguu yake. Sarafu hii ina uwazi mkubwa hapo chini. Hilo ndilo linalonizuia kumfuata Nahodha, ingawa maelezo yake ya moto nimeyapenda.

#11 Nahodha_Tanga
Sheikh, buruji za Omani na za Danube zimepishana karne nyingi. Mrumi alikuwa na desturi zake.

#12 Mpemba_Muscat
Kweli. Lakini adui ni yuleyule.

#13 Sista_Pili
Shalom. Mbona hamuigusi nyota? Constantine alikuwa amemwamini Kristo tangu vita ya daraja la Milvian, tarehe 28 Oktoba 312. Nyota juu ya nyumba, katikati! Mimi naona Bethlehemu pale. Na nyumba yenye mlango usiofungwa ni kanisa.

#14 Mwl_Historia
Sista, nakuelewa, lakini twende taratibu. Baada ya 312 karakana ziliendelea kwa miaka kadhaa kupiga shaba yenye mungu Jua, amesimama na taji la miali, mkono mmoja juu na dunia mkononi, maandishi SOLI INVICTO COMITI, yaani kwa Jua lisiloshindwa, mwenza wa mtawala. Huo ndio uso wa fedha ya Constantine mwanzoni mwa imani yake.

Alama ya Kristo yenyewe ilikuja kuwa ndiyo picha kuu ya sarafu ya shaba mwaka 327, Constantinople: bendera yenye herufi mbili za kwanza za jina la Kristo juu, na ncha ya mti wake imemchoma nyoka. Ni adimu sana.

Nyota nayo ni ya zamani kuliko Ukristo kwenye sarafu. Augustus aliweka nyota ya mkia kwenye fedha yake, ile iliyoonekana mwaka 44 KK baada ya Julius Caesar kuuawa, watu wakasema ni roho yake.

#15 Sista_Pili
Asante mwalimu. Basi nyota nimeiachia. Ila Eusebius, askofu aliyemjua Constantine, ameandika kwamba mfalme aliagiza achorwe kwenye sarafu za dhahabu akiangalia juu, kama mtu anayesali. Hilo huwezi kuniondolea.

#16 Mwl_Historia
Silikuondolei, ameandika kweli. Niongeze tu kwamba macho ya kuangalia juu Alexander wa Makedonia alishachorwa nayo karne sita kabla. Aliyezoea picha za Alexander angemwona Constantine kama mshindi wa dunia. Mkristo angeona sala. Huenda mchongaji alifurahi kuwapata wote wawili.

#17 Kisumu_Lakeside
Niulize swali la mtu wa nje. Hii sura ya mtawala kwenye pesa, Warumi walikuwa wanaionaje? Sisi Kenya katiba ya 2010 ilikataza picha ya mtu yeyote kwenye noti na sarafu. Tangu Desemba 2018 tuna wanyama: twiga, kifaru, simba, ndovu. Watu walichoka kubeba marais mfukoni.

#18 Kaisari_wa_Mabibo
Na sisi tuna Mwalimu kwenye mia na Mzee Karume kwenye mia mbili, na hatujachoka. Tusitoke kwenye mada.

#19 Mwl_Historia
Kisumu, ni mada hiyohiyo. Hakukuwa na gazeti. Mkulima wa Syria au askari wa Uingereza angezeeka bila kumwona mtawala, lakini sura yake aliipata kila aliponunua mkate. Ndiyo maana Yesu alipoulizwa juu ya kodi aliomba aonyeshwe sarafu kwanza, akauliza sura ni ya nani.

#20 Fuawe
Mwalimu, hiyo ilikuwa dinari, ya fedha. Tuko kwenye shaba hapa.

#21 Mwl_Historia
Umenikamata, ni fedha. Nichukue shaba basi. Sestertius, ile kubwa ya karne ya kwanza, ya shaba iliyochanganywa na zinki, ilikuwa na gramu kama 25. Kwenye nafasi hiyo Nero aliweka hekalu la Janus milango imefungwa, kuonyesha kwamba amani imepatikana nchi kavu na baharini. Vespasian baada ya Yerusalemu kuanguka aliweka mtende, na chini yake mwanamke wa Kiyahudi ameketi analia, IVDAEA CAPTA. Mtu aliyeshindwa alilipwa mshahara wake kwa picha ya kushindwa kwake. Hii sarafu sijawahi kuishika bila kunyamaza kidogo.

#22 Mpemba_Muscat
Na kuna ya Hadrian imeandikwa AFRICA. Mwanamke amevaa ngozi ya kichwa cha tembo, mkonga umejitokeza juu ya paji la uso, mkononi ana nge. Wengi wakiiona wanadhani ni sisi. Africa yao ilikuwa ni upande wa Tunisia ya leo na jirani zake.

#23 Nahodha_Tanga
Lakini sarafu za Kirumi zimepatikana pwani yetu. Bur Gao, kusini mwa Somalia, 1912. Nero, Trajan, Hadrian, hadi Constantine.

#24 Mpemba_Muscat
Zilidaiwa kupatikana. Ndani ya fungu hilo kulikuwa pia na sarafu za Misri za karne nyingi baadaye, na taarifa ilichapishwa miaka mingi baada ya tukio, hivyo wataalamu wanalitilia shaka. Ushahidi ninaouamini zaidi ni shanga za Kirumi kutoka delta ya Rufiji alizoziandika Profesa Felix Chami mwaka 1999.

Sisi tulipopiga shaba yetu Kilwa hatukuweka sura ya mtu. Upande mmoja jina la sultani, Ali bin al-Hasan, upande wa pili anamtegemea Mola wake, na pande mbili zinakubaliana kwa vina. Sarafu yenye shairi. Mrumi alihitaji kichwa, sisi tulihitaji kina.

#25 Kisumu_Lakeside
Hiyo ya vina sikuijua. Shukran.

#26 Shaba_Kuukuu
Ninawasoma wote. Kuna jambo limenisumbua usiku. Nimesoma kwamba Crispus aliuawa kwa amri ya baba yake mwaka 326, mjini Pola, na jina lake likafutwa kwenye mawe. Mwaka 324 alikuwa ameongoza merikebu za baba yake kumshinda Licinius, mtawala wa mashariki. Kwa hiyo sarafu hii imepigwa akiwa shujaa, na mwaka mmoja au miwili baadaye alikuwa maiti. Walizikusanya sarafu zake?

#27 Mwl_Historia
Ziliacha kupigwa. Zilizokuwa mikononi mwa watu ziliendelea kutumika, ndiyo maana unaipata kwa pauni 12.

Wengine walitendewa vibaya zaidi. Mwandishi wa historia Cassius Dio anasema Seneti iliamuru sarafu za shaba za Caligula ziyeyushwe, na shaba hiyo ikatengenezewa sanamu za mwigizaji aitwaye Mnester. Na Caracalla alipomuua mdogo wake Geta, miji ya Asia Ndogo ilikwangua sura ya Geta kwenye sarafu za shaba zilizowaonyesha ndugu wawili wakitazamana. Unaona mmoja anatazamana na ukwaruzo. Hao walikuwa watoto wa Septimius Severus, mzaliwa wa Leptis Magna, Libya.

Sababu ya kifo cha Crispus usiniulize. Mwandishi wa historia Zosimus anamtaja mama wa kambo, Fausta, ambaye naye alikufa muda huohuo, lakini aliandika zaidi ya miaka 150 baadaye na yeye Zosimus hakumpenda Constantine.

#28 Sista_Pili
Mungu ampumzishe kijana wa watu.

#29 Fuawe
Nirudishe jengo. Mwalimu, ulisema lazima lipatane na neno providentia. Neno hilo lilikuwa kwenye shaba zamani. Tiberius alipiga sarafu ya kumkumbuka Augustus: kichwa chenye taji la miali mbele, na nyuma madhabahu yenye milango miwili ya vibao, vipembe vimechomoza juu, S C (kwa amri ya Seneti) pembeni, na chini PROVIDENT. Weka hiyo kando ya sarafu ya dada. Umbo la mraba, mlango katikati, vitu viwili juu, neno lilelile. Mimi nahisi mchongaji wa Constantine alirithi picha ya madhabahu bila kujua tena ni madhabahu.

#30 Kaisari_wa_Mabibo
Karne tatu zimepita, Fuawe! Na madhabahu haijengwi kwa safu nane za mawe makubwa.

Mimi naleta ushahidi wa karibu. Kwenye miaka ya 290, Diocletian na watawala wenzake watatu walipiga fedha inayowaonyesha wote wanne wakitoa sadaka mbele ya ngome yenye minara. Ngome, ukuta, geti. Licinius akaichukua kwenye shaba, yake ina minara mitatu juu. Constantine akaichukua kwa Licinius. Hiyo ndiyo familia ya picha hii.

Na kwa Nahodha anayeuliza milango: karakana ya Arles ilipiga shaba yenye jengo hilihili, minara minne, milango imefunguliwa wazi kabisa, nyota juu. Milango hiyo hapo.

#31 Nahodha_Tanga
Hiyo ya Arles imeandikwa VIRTVS, ushujaa. Si PROVIDENTIAE. Jengo lingine, neno lingine. Na wewe mwenyewe umesema ya Licinius ina vitu vitatu juu. Geti lenye minara mitatu umeliona wapi? Mafiga matatu naweza kukuelezea.

#32 Mgeni_Koblenz
Hapo Kaisari amebanwa.

#33 Kaisari_wa_Mabibo
Sijabanwa. Mnara wa tatu ni wa ukuta wa nyuma.

#34 Mkulima_Iringa
Naomba nami niseme. Mimi najenga vihenge. Nyumba ya mawe isiyo na dirisha, mlango mmoja, ya kujiandaa na kesho: kwetu hilo ni ghala. Kuona mbali kwa mtawala ni kuhakikisha watu wanakula mwaka wa njaa.

#35 Mwl_Historia
Sina ushahidi wa kukuunga mkono, Mkulima, lakini umelisoma neno kuliko wengi hapa.

#36 Shaba_Kuukuu
Swali dogo. Nataka kuisafisha mawe yaonekane vizuri. Nitumie ndimu?

#37 Fuawe
USITUMIE. Wala siki, wala soda. Asidi haichagui kati ya uchafu na shaba. Ile kijani nyororo ndiyo ngozi yake, ndiyo iliyolinda picha. Loweka kwenye maji yasiyo na madini, badilisha kila baada ya siku chache, sugua na kijiti cha mti kilicholainishwa. Vumilia miezi. Ukiona unga wa kijani kibichi unaopukutika, hiyo ni chumvi inayokula shaba kwa kusaidiana na unyevu. Itenge na nyingine na uihifadhi pakavu.

#38 Kisumu_Lakeside
Sikiliza Fuawe. Nilipewa zawadi ya sarafu ya Constans nikaichovya kwenye siki usiku mmoja. Asubuhi ilikuwa ya waridi, na uso umeondoka. Bado ninayo na bado inaniuma.

#39 Mgeni_Koblenz
Dada, ulimwuliza muuzaji imetoka wapi? Huko Uingereza fungu la sarafu za kale za shaba kumi au zaidi likipatikana pamoja, sheria ya 1996 inataka litangazwe. Moja moja si lazima, lakini iliyoandikwa mahali ilipochimbwa ina thamani nyingine kabisa kwa historia. Weka kikaratasi: uzito, kipenyo, ulinunua wapi na lini, na alichokuambia.

#40 Shaba_Kuukuu
Alisema ilitoka kwenye mkusanyo wa baba yake, zaidi ya hapo hajui. Nimeipima kwenye mzani wa vito: gramu 2.9. Nimehesabu safu tena, ni saba. Mwanzoni nilidhani sita, ya chini ilikuwa imefunikwa na udongo.

Kikaratasi nimekiandika. Mbele: Crispus, Kaisari. London, 324–325. Nyuma nimeandika "jengo la mawe, uwazi mmoja, vitu viwili juu, nyota". Mwanangu wa miaka tisa ameiangalia akasema ni nyumba ya mtu aliyesafiri.

#41 Sista_Pili
Huyo mtoto mwache aendelee kuangalia.

#42 Nahodha_Tanga
Kesho usiku wekeni taa mbili juu ya ukuta mwangalie kwa mbali. Kisha mtaniambia.

#43 Kaisari_wa_Mabibo
Dada, futa hiyo "jengo". Andika geti.